Manga za Magharibi: Ukurasa Anaulipia Nani?

Chukua kitabu cha Tokyopop, mchapishaji wa manga (katuni za Kijapani) kwa Kiingereza, kilichochapwa miaka ya 2000 mwanzoni, ukifungue kwa upande ambao msomaji wa Kiingereza amezoea kuanzia. Hadithi huioni. Unakutana na onyo: simama, huu ni mwisho wa kitabu, kigeuze uanzie upande wa pili. Pembeni kuna visanduku vidogo vyenye namba, vya kukuelekeza jicho lipite kutoka kulia kwenda kushoto. Ukurasa huo ulikuwa tangazo kuliko maelekezo. Mwaka 2002 kampuni hiyo ya Los Angeles iliacha desturi ya kupindua michoro ili isomeke kwa mkono wa Kizungu, ikavinadi vitabu vyake kuwa manga halisi asilimia 100, dola 9.99 juzuu moja. Iliokoa gharama za kupindua kurasa, na papo hapo ikawapa vijana wa Marekani kitu cha kuringia: wanasoma kama wanavyosoma wenyewe kule Tokyo, na mzazi akikishika kitabu hajui hata pa kuanzia.

Mwaka uleule, kampuni ileile ikaanzisha shindano la Rising Stars of Manga, kusaka Wamarekani wanaochora kwa mtindo huo. Washindi walichapishwa kwenye mkusanyiko, na baadhi yao wakapewa mfululizo wao wenyewe. Hapo ndipo ninapoliona kosa la kwanza, na si la wachoraji. Umemfundisha mteja kwamba sifa kuu ya bidhaa ni kutoka Japani. Kisha unamletea iliyotengenezwa Amerika Kaskazini, na akikagua lebo unamnung'unikia. Vijana waliokataa hata kufunua kurasa za Dramacon, mfululizo wa Tokyopop hiyohiyo, eti kwa sababu mchoraji wake, Svetlana Chmakova, hakuichorea Japani, walikuwa wameyaelewa matangazo vizuri kabisa.

Tangu hapo ubishi haujaisha: kinaitwaje kitabu chenye macho makubwa, mistari ya kasi na kurasa nyeusi na nyeupe, ikiwa aliyekichora anaishi Ontario, Kanada? Manga ya Kimarekani? Manga ya dunia? Mimi ubishi huo haunikoseshi usingizi. Una uzito kwa mwenye duka anayetafuta rafu ya kukiweka, na hilo nitalirudia. Kwa wengine wote umekuwa moshi unaoficha swali zito zaidi, la fedha. Katika miezi yote ambayo mchoraji amejifungia ndani na kitabu bado hakijazaliwa, nani anamlisha?

Mchapishaji wa Marekani anayenunua leseni ya manga ya Kijapani anakuta gharama kubwa imekwishalipwa na wengine. Mchoraji alilipwa kwa kila ukurasa na jarida lililomtoa. Mhariri alishakaa naye akamkatalia sura mbili tatu, akamrudishia nyingine azichore upya. Wasomaji walishatoa hukumu yao kwa kadi za posta zinazofungwa ndani ya jarida, na hadithi zilizoshika mkia zikaondolewa mapema. Jarida la Weekly Shonen Jump, lililozaliwa 1968, lilipofika kileleni katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa likichapa nakala milioni 6.53 kwa toleo. Fikiria ukali wa mchujo unaofanywa na umati wa namna hiyo kila wiki. Kinachovuka bahari ni kile kilichosalia. Mwenye leseni anatoa malipo ya awali na mrabaha, anamlipa mtafsiri, anamlipa anayepanga maneno kwenye viputo, anapeleka kazi mtamboni. Na mara nyingi anime yake, yaani katuni ya video ya Kijapani, imeshatua kwenye televisheni, yaani tangazo la zaidi ya dakika 20 kila wiki ambalo hakulitolea hata senti.

Sasa geukia kitabu asilia, kinachoanzia kwenye karatasi tupu. Juzuu moja ina kurasa 160 au 180 hivi. Kila ukurasa unaanza na rasimu ya penseli, unarudiwa kwa penseli safi, unapigwa wino, unatiwa vivuli vya nukunuku za kijivu, unaandikwa maneno. Mchoraji mwenye mkono mwepesi anaumaliza kwa siku moja, na wengi hawaimalizi kazi hiyo siku moja. Tufanye hesabu ya kubuni, ili tu tuone ukubwa wa shimo. Kitabu kinauzwa dola 9.99. Karibu nusu inaishia kwa msambazaji na duka. Tuseme mrabaha wa mchoraji ni asilimia 8, yaani senti 80 kwa nakala. Vikiuzwa vitabu 5,000, na kwa mtu asiyejulikana hayo ni mauzo ya kupigiwa makofi, anaondoka na dola 4,000. Gawanya kwa kurasa 170: dola 23 na ushei kwa ukurasa. Kwa Los Angeles hiyo ni chakula cha mchana na nauli ya kurudi nyumbani. Mchapishaji naye hana furaha, kwa kuwa kama alitoa malipo ya awali yanayomwezesha mtu kuishi, basi alitoa fedha nyingi kuliko kitabu kitakavyorudisha. Kwenye rafu hiyohiyo, kwa bei ileile, kinashindana na kitabu cha leseni ambacho michoro yake haikumgharimu mwenzake kitu.

Hata kama fedha ingepatikana, kuna mwendo. Mwishoni mwa 2007 Viz, mchapishaji mwingine wa manga kwa Kiingereza, ilifanya jambo ambalo nadhani lilieleza kila kitu. Manga ya Naruto kwa Kiingereza ilikuwa nyuma sana ya ile ya Japani, basi kampuni ikatoa juzuu tatu kila mwezi, kuanzia ya 16 hadi ya 27, kati ya Septemba na Desemba. Juzuu 12 kwa miezi minne! Ziliwezekana kwa sababu zilikuwa zimeshachorwa, zimekaa ghalani Japani zikisubiri mtafsiri. Na Dramacon? Juzuu ya kwanza ilitoka 2005, ya pili 2006, ya tatu na ya mwisho Desemba ileile ya 2007. Chmakova hakuwa mvivu. Alikuwa anafanya kwa mikono yake kazi ambayo mwenzake wa Tokyo anaifanya na wasaidizi waliokaa meza ya jirani, huyu akichora majengo ya nyuma, yule akijaza weusi. Ila kijana wa miaka 14 haulizi habari za wasaidizi. Anajua tu kwamba hadithi moja inamfikia kila baada ya siku chache na nyingine inamtaka asubiri hadi mwakani, na mwakani atakuwa na miaka 15 na mapenzi mengine.

Nilisema nitalirudia suala la rafu. Marekani ilikuwa na njia mbili za kuuza katuni. Ya kwanza ni maduka maalumu ya katuni, ambayo kwa miaka mingi yalipata bidhaa kupitia msambazaji mmoja mkubwa, Diamond. Huko mwenye duka akinunua amenunua: kisichouzwa kinamfia mkononi. Kwa hiyo anaagiza kile ambacho wateja wake wa mashujaa wenye kofia na majoho wamekuwa wakikinunua, na kitabu kinene cha rangi nyeusi na nyeupe, cha mchoraji mpya, kuhusu msichana anayependa mvulana kwenye tamasha la mashabiki, hakimo kwenye hesabu yake. Njia ya pili ni maduka makubwa ya vitabu, Borders na Barnes & Noble. Humo ndimo manga ilimojengea ngome, kwa kuwa wasichana waliingia bila kuona haya, wakakaa chini kwenye zulia, wakasoma. Lakini duka la vitabu lina ruhusa ya kurudisha. Vitabu vinatoka ghalani vikihesabiwa kuwa vimeuzwa, baada ya miezi vinarejea kwenye maboksi, na mchapishaji anadaiwa fedha aliyokwishaitumia.

Na rafu ya manga ndani ya duka lile haikuwa na mwisho mwema kwa mgeni. Ukimweka Mmarekani katikati ya Wajapani, mashabiki wanamruka. Ukimhamishia upande wa katuni za Kimarekani, mashabiki wa huko hawamtambui, na wale ambao wangempenda hawafiki huko kabisa. Aliyekuwa na kauli kuhusu rafu hizo kwa upande wa Borders ni mnunuzi wao Kurt Hassler, mtu ambaye wachapishaji walimheshimu kwa sababu zilizo wazi. Mwaka 2006 aliondoka akaanzisha Yen Press pamoja na Rich Johnson. Borders yenyewe iliomba ulinzi wa kufilisika Februari 2011. Tokyopop, iliyokuwa imeegemea duka hilo kupita kiasi, ilifunga shughuli za uchapishaji Los Angeles mwishoni mwa Mei mwaka huohuo.

Hapo nataka kukaa kidogo, kwa sababu sehemu hii husimuliwa haraka kana kwamba ni ajali ya soko tu. Kampuni ilipofunga, haki za hadithi hazikufungwa nayo. Mikataba mingi ya wachoraji hao iliipa kampuni sehemu ya umiliki wa kazi, hivyo mchoraji aliyeachwa katikati ya hadithi hakuwa huru kuipeleka kwa mchapishaji mwingine. Wasomaji walibaki na juzuu mbili za hadithi ya juzuu tatu. Tangu 2008 dalili zilikuwepo. Mwaka huo kampuni ilipunguza wafanyakazi na mipango ya vitabu, na ilikuja na mpango wa kuwalipa wachoraji wapya wachore sura ya majaribio. Mkataba wake uliwekwa hadharani, umeandikwa kwa lugha ya kishikaji, ukimwomba mchoraji aachie haki zake za kimaadili, yaani haki ya jina lake kubaki kwenye kazi na ya kukubali au kukataa mabadiliko, na ukizitania haki hizo kuwa ni neno la madoido lililobuniwa na Wafaransa. Wachoraji waliokuwa tayari na majina, akiwemo Bryan Lee O'Malley wa Scott Pilgrim, waliupinga waziwazi. Binafsi naona kilichoudhi zaidi kilikuwa ile sauti ya urafiki. Mkataba mkali ulioandikwa kwa ukali humfanya mtu amtafute wakili. Huu ulimtaka kijana wa miaka 19 acheke, kisha atie saini.

Kisa cha Jen Lee Quick, mmoja wa wachoraji hao wa Tokyopop, kinaonyesha njia ndefu ya kutokea. Off*Beat yake ilitoka juzuu mbili, 2005 na 2006, ikakatika. Ilimalizwa miaka kadhaa baadaye na Chromatic Press, kampuni ndogo iliyoanzishwa na watu waliowahi kufanya kazi na Tokyopop, kwa michango ya wasomaji iliyokusanywa mtandaoni. Wasomaji waliokuwa shule juzuu ya kwanza ilipotoka waliusoma mwisho wakiwa watu wazima wenye kazi zao. Walichanga, na ninawaheshimu kwa hilo, lakini huo si mpango wa biashara ambao unaweza kumwekea mezani mtu wa benki.

Wachapishaji wengine walisoma alama za nyakati mapema. Seven Seas ilianzishwa 2004 kwa nia ya kuchapisha hadithi zake asilia kwa mtindo wa manga. Leo inajulikana kwa leseni za Kijapani. Hakuna aliyeishutumu kwa usaliti, maana hesabu ilikuwa wazi. Yen Press ilijaribu kuleta ngazi ya Kijapani yenyewe: jarida la kila mwezi, Yen Plus, lililoanza 2008, ambamo Chmakova alichapisha Nightschool sura kwa sura kabla ya juzuu. Wazo zuri, nchi isiyofaa. Msomaji wa Marekani hakuwa na mazoea ya kununua jarida nene, alisome kwenye treni na kulitupa. Karatasi iliachwa 2010, likahamia mtandaoni, mwisho likazimwa kabisa. Hata Shonen Jump ya Kiingereza, yenye majina makubwa yote, iliacha karatasi 2012.

Kilichoiendea vizuri Yen Press ni kitabu ambacho mteja wake alikuwa amekwishatengenezwa na mtu mwingine. Riwaya ya Twilight kwa michoro ya Young Kim, msanii wa Korea, ilitoka 2010 ikiwa na toleo la kwanza la nakala 350,000. Namba hiyo haikuletwa na mapenzi kwa mtindo. Ililetwa na riwaya. Mchapishaji wa riwaya HarperCollins alishafanya vivyo hivyo na Tokyopop kwa hadithi za paka wa Warriors kuanzia 2007. Scott Pilgrim ya O'Malley ni kisa tofauti kidogo: umbo la manga, ukubwa wa manga, mapigano ya manga, juzuu sita kati ya 2004 na 2010, ila ilitolewa na Oni Press, ambayo haikuwahi kumwahidi mtu yeyote Japani. Hakuna aliyedanganywa, hivyo hakuna aliyekagua lebo. Na Chmakova mwenyewe? Mwaka 2015 alirudi na Awkward, kitabu cha rangi cha watoto wa shule ya kati, kikawekwa kwenye rafu ya watoto karibu na vitabu ambavyo Raina Telgemeier alikuwa amevifungulia njia tangu 2010. Mkono uleule, macho yaleyale. Maktaba za shule zilimpokea bila kuuliza anatoka wapi.

Ufaransa hali ni nyingine, na hapa ndipo dai kwamba Mzungu hawezi kuuza manga linapovunjika. Watoto wa huko walikua na Club Dorothée, kipindi cha watoto kilichoonyesha anime, kwenye televisheni kati ya 1987 na 1997. Kampuni ya vitabu ya Glénat ilianza kuchapisha manga za Akira 1990 na Dragon Ball 1993. Sheria ya 1981 inaweka bei moja ya kitabu na kuzuia punguzo la zaidi ya asilimia 5, kwa hiyo duka dogo la mtaani halikuuawa na bei za jitu kubwa. Kuna maelfu ya rafu, na wauzaji wanaosoma wanachokiuza. Reno Lemaire alianza Dreamland 2006. Tony Valente alianza Radiant 2013 kwa Ankama, hadithi ya wachawi wanaowinda viumbe vinavyodondoka kutoka angani, na miaka miwili baadaye ikachapishwa Japani kwa Kijapani. Oktoba 2018 ikawa anime iliyotengenezwa na studio ya Lerche na kurushwa na NHK, televisheni ya umma ya Japani, na Viz ikaitoa kwa Kiingereza. Bidhaa ya Roubaix, mji wa Ufaransa yaliko makao ya Ankama, ilikwenda Tokyo ikarudi na muhuri. Mwaka 2021 serikali ya Ufaransa ilipowapa vijana wa miaka 18 euro 300 za kutumia kwenye utamaduni, wengi walizipeleka moja kwa moja kwenye rafu ya manga, hata magazeti yakautania mpango huo kuwa ni pasi ya manga.

Lakini itazame Ankama kwa karibu. Haikuanza kama nyumba ya vitabu. Ni kampuni ya michezo ya kompyuta, na mchezo wake wa Dofus wa 2004 ndio uliojaza hazina na kuleta wasomaji wa kwanza wa vitabu vyake. Iliweza kumvumilia mchoraji kwa juzuu kadhaa kwa sababu mishahara ilikuwa ikitoka kwingine. Uvumilivu huo ndio ambao wachapishaji wa Los Angeles hawakuwa nao. Ujerumani ilikuwa na mchapishaji Carlsen na tawi la Tokyopop la huko, mashindano ya vipaji na wachoraji wazuri kama Anike Hage, lakini haijapata Radiant yake.

Upande unaotugusa Waafrika ni Saturday AM, jarida la kidijitali lililoanzishwa Marekani 2013 na Frederick L. Jones, likiwatafuta wachoraji wa manga popote walipo duniani. Nyota yake ni Odunze Oguguo, Mnigeria anayejiita Whyt Manga, mwandishi wa Apple Black. Mwaka 2022 kampuni ya vitabu ya Quarto iliitoa kama kitabu cha dukani. Miaka mingi kabla ya hapo Oguguo alikuwa na chaneli YouTube, akifundisha kuchora na kuzungumzia kazi yake, kwa hiyo mchapishaji alipofika aliwakuta wateja wamekwishaketi. Vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wanaochora kwa mtindo huu, na ni wengi kuliko wazee wanavyodhani, humtaja kama ushahidi kwamba inawezekana. Inawezekana, ndiyo. Ila waangalie pia alichokuwa akifanya muda ambao hakuwa akichora.

Na wasiende mbali. Shujaaz ya Kenya, ambayo si manga lakini ni katuni iliyosomwa na vijana wengi sana, ilianza 2010 ikigawiwa bure ndani ya gazeti la Daily Nation na kwenye vibanda vya M-Pesa. Msomaji hakulipia ukurasa hata mmoja. Walilipa wafadhili na wadhamini waliokuwa na ujumbe wao wa kuufikisha. Ukipenda katuni safi isiyo na ajenda utakunja uso. Wachoraji wake lakini walipata mshahara.

Nikizipanga kazi nyingi nilizozitaja ambazo zilisimama, naona kila moja ilikuwa na kibubu kingine: mchezo wa kompyuta, riwaya inayopendwa, bajeti ya maktaba za shule, chaneli ya video. Japani yenyewe inafanya hivyo, maana jarida huuzwa kwa bei ya kutupa na faida hutafutwa kwenye juzuu, anime na vinyago vya wahusika. Mchapishaji wa Magharibi aliyetaka kitabu kimoja chenye jina lisilojulikana kijilipie chenyewe, kwa dola 9.99, alikuwa anakitaka kifanye kazi ambayo hata Tokyo haijawahi kukibebesha. Januari 2025 Diamond nayo ikaomba ulinzi wa kufilisika, na wachapishaji wadogo waliokuwa na bidhaa ghalani mwake wakaingia kwenye foleni ya wadai. Kwa mchoraji anayesaini mwaka huu, kipengele cha kwanza cha kukisoma ni kile kinachosema kazi inarudi kwake lini, na kwa masharti gani, mchapishaji akifunga mlango.